Cygwin, MSYS2, Git Bash au WSL: tuchague kwa kutazama kila moja inavyoharibika

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniletea kompyuta mpakato ya mtumba: RAM GB 4, diski ya kuzunguka, Windows 10. "Kaka, amri ya find inanijibu vingine kila nikibadilisha dirisha," akaniambia. Nilipofungua menyu nikakuta Cygwin, Git Bash, MSYS2 na WSL 2, zote nne zimo. Kila moja ilipomkatalia alipakua nyingine juu yake, kwa bando la kununua, kwa ushauri wa mtu mwingine tena. Waliomshauri hawakumdanganya. Kila mmoja alimtajia anayoitumia yeye, kwenye mashine yake yeye.

Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya watu kama kijana huyo: wanaohitaji amri za Unix ndani ya Windows, kwa masomo au kwa kazi, na hawana mashine ya pili wala bando la kuchezea. Maelezo mengi huyalinganisha mazingira haya kwa yale yanayoyaweza. Yote yanaweza mengi. Mimi nayalinganisha kwa namna yanavyoharibika, kwa sababu hapo ndipo yanapotofautiana kweli, na siku yakikataa saa nne usiku ni wewe utakayehangaika nayo.

## Kila moja inasimama wapi

Unix na Windows hazifanani tangu kwenye msingi. Unix huzaa mchakato mpya kwa kuujinakilisha ule uliopo, kwa wito unaoitwa fork. Programu za kawaida za Windows hazina wito huo. Unix huandika njia ya faili kuanzia mzizi mmoja, Windows huanza na herufi ya diski. Unix humaliza mstari kwa herufi moja, Windows kwa mbili. Kila mazingira yamechagua mahali pake pa kuziba pengo hilo, na karibu kila hitilafu utakayoiona imetokea pale pale palipozibwa.

Cygwin ndiyo kongwe. Ilianza mwaka 1995 ndani ya kampuni ya Cygnus Solutions, iliyokuja kununuliwa na Red Hat. Moyo wake ni faili moja, cygwin1.dll: programu ya Unix hujengwa upya ili iombe huduma zake kwenye faili hiyo, nayo huzitafsiri kwa Windows. MSYS2 imetokana na Cygwin, ina msys-2.0.dll yake, lakini shabaha yake ni kukusaidia kujenga programu halisi za Windows. Git Bash ni MSYS2 iliyopunguzwa ikafungashwa pamoja na Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo. WSL (Windows Subsystem for Linux) imetoka Microsoft yenyewe. Toleo lake la kwanza lilikuja na Windows 10 ya Agosti 2016, likitafsiri miito ya Linux ndani ya kerneli ya Windows, yaani kiini cha mfumo. WSL 2, iliyowafikia watumiaji wa kawaida Mei 2020, iliacha kutafsiri. Yenyewe huendesha kerneli halisi ya Linux ndani ya mashine pepe nyepesi, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako.

| | Git Bash | MSYS2 | Cygwin | WSL 1 | WSL 2 |
|---|---|---|---|---|---|
| Diski C huonekana kama | /c | /c | /cygdrive/c | /mnt/c | /mnt/c |
| Kuongeza programu | hakuna njia yake | pacman | setup-x86_64.exe | apt, kwa Ubuntu | apt, kwa Ubuntu |
| Huendesha programu zilizojengwa kwa Linux | hapana | hapana | hapana | nyingi | karibu zote |
| Huhitaji mashine pepe | hapana | hapana | hapana | hapana | ndiyo |

Mstari wa mwisho ndio huwakwamisha wengi wenye mashine za mtumba. Nitaurudia.

## Kabla ya kuhama, ondoa magonjwa yanayohama nawe

Nimeona watu wakihama kutoka mazingira moja kwenda mengine wakikimbia tatizo ambalo halikuwa la mazingira hata kidogo.

La kwanza ni miisho ya mistari. Umeandika skripti kwenye Notepad, ukaiendesha, ukajibiwa `$'\r': command not found` au `/bin/bash^M: bad interpreter`. Hiyo \r ndiyo ile herufi ya ziada ya Windows. Hakikisha kwa `file mwanzo.sh`, ikitaja CRLF, mchawi umempata. Tiba inayofanya kazi kote ni hii:

    sed -i 's/\r$//' mwanzo.sh

Git Bash na MSYS2 mara nyingi huzimeza herufi hizo kimya kimya. Skripti inakwenda vizuri kwako, unaipeleka kwenye seva au WSL, inakufa mstari wa kwanza, na wewe unailaumu WSL. Kama unatumia Git, weka mstari `*.sh text eol=lf` kwenye faili ya .gitattributes, usitegemee kila mwenzako achague vizuri alipokuwa akisakinisha.

La pili ni tarehe. Mashine za mtumba nyingi betri yake ndogo ya ndani imekufa. Ukichomoa chaji zinarudi miaka ya nyuma. Hapo apt hukwambia orodha ya programu "is not valid yet", pacman hukataa sahihi, curl hukataa vyeti vya usalama. Watu hufuta kila kitu na kupakua upya, MB mamia, kumbe dawa ni kurekebisha saa. Andika `date` kabla ya jambo lingine lolote.

La tatu ni nafasi katika jina. Akaunti ya Windows ikiitwa "Asha Juma", basi kwenye Git Bash nyumbani kwako ni `/c/Users/Asha Juma`, na skripti nyingi pamoja na make huisoma kama njia mbili. Cygwin, MSYS2 na Git Bash zote huugua ugonjwa huu. Kwenye MSYS2 na Git Bash fanyia kazi zako folda kama `C:\kazi`. WSL huuepuka kwa sababu ina akaunti yake ya ndani yenye jina utakalolichagua, ilimradi kazi zako uziweke humo.

Na lile la find? Windows ina find.exe na sort.exe zake, ambazo hazifanani na za Unix ila kwa jina. PATH, ile orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, ikipangwa vibaya, folda ya System32 ikatangulia, unaita find na anaitika mwingine: `FIND: Parameter format not correct`. Andika `type -a find` uone nani yupo mbele. Kwa kijana wangu, Cygwin na Git Bash zilikuwa zimeingizwa zote mbili kwenye PATH ya Windows, kwa hiyo kila dirisha lilimwita anayelitangulia.

## Git Bash na MSYS2

Kama unachotaka ni Git, ssh (ya kuingia kompyuta nyingine kwa mbali), na amri za kila siku kama grep, sed na awk, Git Bash inakutosha. Inasakinishwa kwa dakika chache, haihitaji kugusa BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), na ikiharibika unaifuta na kuirudisha bila kupoteza kitu. Utajua imekupungukia siku utakapoandika make au rsync ukajibiwa `command not found`. Usianze kuokota faili za exe mitandaoni na kuzitupia ndani ya folda yake. Hapo ndipo uhamie MSYS2.

Hitilafu yao ya pamoja, ambayo huwachanganya hata wazoefu, ni kubadilishwa kwa njia za faili. Unataka kupeleka faili kwenye simu ya Android kwa adb, chombo cha kuzungumza na simu kutoka kwenye kompyuta:

    adb push picha.jpg /sdcard/

Bash inaona `/sdcard/`, inadhani ni njia ya Unix, na kwa nia njema inaigeuza kuwa `C:/Program Files/Git/sdcard/` kabla ya adb kuipokea. Simu haina folda hiyo, adb inakataa, na ujumbe unaoupata hausemi kilichotokea. Docker, chombo cha kuendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa, nayo hupatwa vivyo hivyo ukiiagiza `/bin/sh`. Kwenye Git Bash tanguliza `MSYS_NO_PATHCONV=1` mbele ya amri; kwenye MSYS2 tumia `MSYS2_ARG_CONV_EXCL='*'`. Kuandika mikwaju miwili mwanzoni, `//sdcard/`, nako husaidia. Cygwin haifanyi ubadilishaji huu. Kule unabadilisha mwenyewe kwa cygpath. Ni kazi zaidi, lakini haikushtukizi.

Jambo jingine la kujua: `ln -s` kwenye MSYS2 na Git Bash, usipoiwekea mpangilio wowote, hunakili faili badala ya kuunda kiungo. Ukihariri ya asili, nakala inabaki ilivyokuwa. Nimeona mtu akipoteza jioni nzima kwa hilo.

MSYS2 ina ugonjwa wake peke yake, nao ni madirisha. Ukiisakinisha unapata MSYS, UCRT64, MINGW64 na CLANG64, na zote hufanana isipokuwa rangi na neno moja. Umesakinisha `mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc`, ukafungua dirisha la MSYS, ukaambiwa gcc haipo. Ipo, ila mlango wa pili. `echo $MSYSTEM` inakuonyesha uko wapi. Mbaya zaidi ni kusakinisha gcc ya MSYS yenyewe: programu yako inajengeka, inakwenda, unampa mwenzako, kwake inalia kwamba msys-2.0.dll haikuonekana. Kwa kazi ya kujenga programu za Windows kaa kwenye UCRT64 na usahau mengine. Kagua kwa `ldd programu.exe` kabla ya kuigawa.

Umeme ukikatika katikati ya `pacman -Syu`, utakapowasha utaambiwa `unable to lock database`. Hakikisha hakuna pacman nyingine inayoendelea, kisha futa `/var/lib/pacman/db.lck` na uanze tena.

## Cygwin na WSL 1

Naziweka pamoja kwa sababu zote mbili hutafsiri, na zote mbili huenda kwenye mashine isiyo na mashine pepe. Tofauti ni ngazi ya kutafsiri. Cygwin hutafsiri juu, ndani ya programu yenyewe. WSL 1 hutafsiri chini, kwenye kerneli. Kwa sababu hiyo Cygwin inahitaji kila programu ijengwe upya kwa ajili yake, na WSL 1 huchukua zile zile za Ubuntu.

Fork ndiyo kidonda cha Cygwin. Kwa kuwa Windows haiitoi, Cygwin huanzisha mchakato mpya mtupu kisha hunakilia humo kumbukumbu ya mzazi, na maktaba zote lazima zikae anwani zile zile. Hiyo ndiyo sababu skripti inayoita amri ndogo mia moja hutambaa kama konokono. Na ndiyo sababu antivirusi inayojichomeka ndani ya kila mchakato huweza kuivuruga, ukaona `child_info_fork::abort` pamoja na maneno ya anwani tofauti. Hatua zangu ni hizi: iambie antivirusi iiache folda ya `C:\cygwin64`, funga kila programu ya Cygwin, fungua cmd ya Windows, uandike:

    C:\cygwin64\bin\dash.exe -c "/usr/bin/rebaseall -v"

Ujumbe mwingine wa Cygwin ni `cygheap base mismatch detected`. Maana yake ni kwamba kuna cygwin1.dll mbili za matoleo tofauti zinazokutana. Programu ndogo ndogo huja na nakala yao bila kukwambia. `where /r C:\ cygwin1.dll` kwenye cmd itazifichua. Ukiona faili unazozimiliki zinakukatalia kwa `Permission denied`, ongeza neno noacl kwenye mstari wa cygdrive ndani ya /etc/fstab, ufunge madirisha yote na kufungua upya.

Kwa upande wa WSL 1, hitilafu ni chache ila hazina tiba. Kitu ambacho mtafsiri hakijui hakitakwenda, basi: Docker haiendi, systemd (inayosimamia huduma za Linux) haiendi. Hakuna amri ya kukutoa hapo zaidi ya kuhamia WSL 2. Lakini kwa kujifunza amri, kuandika C, Python au skripti za bash, sijaona kitu chepesi kuliko hicho kwenye mashine ya GB 4. Nasikitika kwamba watu wanaiita ya kizamani na kuiruka. Bado ipo, na huwashwa hivi:

    wsl --install --enable-wsl1
    wsl --set-version Ubuntu 1

Wanaofanya kazi na vifaa vya elektroniki kupitia milango ya COM wazingatie hili: zote mbili huufikia mlango, lakini huuhesabu tofauti. COM3 kwenye Cygwin ni `/dev/ttyS2`, kwenye WSL 1 ni `/dev/ttyS3`. WSL 2 haiufikii moja kwa moja. USB huhitaji programu ya pembeni iitwayo usbipd-win.

## WSL 2, yenye nguvu na yenye njaa

Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na Linux kamili. Ukiwa na RAM GB 16 na SSD, usisome zaidi, sakinisha hii. Wengine tuangalie gharama.

Kikwazo cha kwanza unakutana nacho kabla hata hujaingia: `0x80370102`. Uwezo wa mashine pepe umezimwa. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza CPU, utazame neno Virtualization. Ikiwa limezimwa, ingia BIOS uwashe VT-x kwa Intel au SVM kwa AMD. Kama BIOS imefungwa kwa nenosiri la mwenye mashine wa kwanza, jambo la kawaida kwa zilizotoka maofisini, usipigane nayo. WSL 1 haiihitaji. Namba `0x800701bc` ni rahisi zaidi: kerneli inahitaji kusasishwa kwa `wsl --update`. Nayo `0x8007019e` inasema kipengele cha WSL chenyewe hakijawashwa kwenye Windows.

Kisha kumbukumbu. Kwa kawaida WSL 2 hujiruhusu kutumia hadi nusu ya RAM yote. Kwa mashine ya GB 4 hiyo ni GB 2, na Windows inabaki ikihema. Ukiona Vmmem imekaa juu kwenye Task Manager, ndiye huyo. Unda faili `.wslconfig` ndani ya folda yako ya Users:

    [wsl2]
    memory=1GB
    swap=2GB

Halafu `wsl --shutdown`. Ikiwa hakuna kilichobadilika, washa kuonyesha viishio vya majina ya faili. Mara nyingi Notepad imeiita `.wslconfig.txt`.

Polepole ya WSL 2 nayo ina mahali pake. Ndani ya nyumbani kwake Linux, `~`, inakwenda kasi. Kwenye `/mnt/c` kila faili huvuka mpaka wa mashine pepe, na `git status` ya mradi mkubwa inakuruhusu uchemshe chai. Hamishia mradi ndani, na kutoka Windows uufikie kwa kuandika `\\wsl$` kwenye Explorer. WSL 1 haina adhabu hii, kwa hiyo ukilazimika kuacha faili upande wa Windows, yenyewe ndiyo nafuu.

Mtandao huugua zaidi kwa wenye VPN ya ofisi: `ping 8.8.8.8` inakwenda, lakini majina hayapatikani. Andika kwenye /etc/wsl.conf:

    [network]
    generateResolvConf = false

Funga kwa `wsl --shutdown`, fungua tena, futa /etc/resolv.conf, uandike mpya yenye `nameserver 1.1.1.1` au ile ya ofisi. Ukihariri resolv.conf bila kuweka generateResolvConf kwanza, itaandikwa upya na utadhani umerogwa.

Diski nayo. Faili zako zote za Linux zimo ndani ya ext4.vhdx moja, ambayo hukua na hairudi nyuma hata ukifuta vilivyomo. Baada ya `wsl --shutdown`, diskpart ya Windows ina `compact vdisk` ya kuibana. Usiifungue wala kuihamisha faili hiyo kwa mkono WSL ikiwa imewaka.

## Bando

Hapa ndipo ulinganisho wa wenzetu wenye intaneti isiyokatika hunyamaza. Cygwin inashinda kwa heshima: kisakinishi chake huhifadhi kila ilichopakua kwenye folda utakayoichagua. Nakili folda hiyo kwenye flashi, na kwenye mashine ya pili hadi ya kumi uchague "Install from Local Directory". Darasa zima kwa bando moja.

WSL inakaribia hapo kwa njia nyingine. Tengeneza Ubuntu moja iliyokamilika, yenye kila wanachohitaji, uifunge:

    wsl --export Ubuntu D:\ubuntu.tar
    wsl --import Ubuntu C:\wsl\ubuntu D:\ubuntu.tar

Amri ya pili ni ya mashine inayopokea, ambayo WSL yake iwe tayari imewashwa. Ukiingia baada ya hapo utajikuta ni root, yaani mtumiaji mkuu; usishtuke, andika jina lako chini ya `[user]` kama `default=jina` ndani ya /etc/wsl.conf. Git Bash ni faili moja ya kisakinishi, unaibeba tu.

Mwenye Windows 7 bado? Matoleo mapya ya Cygwin yameiacha tangu 3.5, na WSL haijawahi kuwepo kule. Tafuta busybox-w32: faili moja ndogo ya exe yenye sh, grep, awk na nyinginezo, isiyohitaji kusakinishwa.

## Ningekuchagulia nini

Unahitaji Git na ssh tu: Git Bash. Unajenga programu za kugawa kwa watu wa Windows: MSYS2, dirisha la UCRT64. Una skripti za bash zinazogusa faili na michakato ya Windows kila siku, hasa kwenye mashine ya kazini ambako huna ruhusa ya msimamizi: Cygwin, maana kisakinishi chake hukubali `--no-admin`. Unajifunza Linux kwenye mashine dhaifu: WSL 1. Unahitaji Docker au seva kamili, na mashine inaweza: WSL 2.

Mbili zinaweza kukaa pamoja bila ugomvi, Git Bash na WSL kwa mfano, alimradi usiziweke zote kwenye PATH ya Windows. Tatu ni kutafuta shari.

Kijana yule tulimwondolea Cygwin na MSYS2, tukasafisha PATH, tukaigeuza Ubuntu yake kuwa WSL 1. Masomo yake ni C na amri za Linux, hana Docker. Kugeuza kulichukua muda mrefu kwa ile diski yake, tukakaa tukisubiri. Kabla hajaondoka tulifanya export, faili ya tar ikaingia kwenye flashi yake ya GB 16, naye akaibandikia karatasi na kuandika kwa kalamu: UBUNTU, USIFUTE.